UBATIZO USINGOJE PILAU

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi vya mtaa

Yasomwe kwanza: 1 Samweli 2:18-21, Nehemia 8:9-12, Luka 14:12-14, Yohana 2:1-11



Kila mara siku ya ubatizo inapotangazwa kanisani, wako wazazi wanaoinamisha macho. Imani wanayo, mafundisho wamekwisha kuyapata, wasimamizi wamekwisha kukubali, na mtoto mwenyewe amekwisha kuota meno. Ukiwauliza kwa nini hawakuandikisha jina la mtoto, watakujibu, "Bado hatujajiandaa." Maana ya jibu hilo twaijua sote. Kinachongojewa ni mchele, nyama, kreti za soda, keki ya dukani, na nguo za sare za baba na mama. Mwaka huu mahindi hayakutoka, mwaka ujao kuna ada ya shule, na mtoto anazidi kukua nje ya kisima cha ubatizo.

Wako pia vijana wetu waliokaa pamoja miaka mingi bila kuja mbele ya altare, kwa sababu moja tu: wameambiwa kuwa ndoa bila ukumbi na kamati ya michango ni aibu kwa ukoo. Hawa nao hukaa mbali na Meza ya Bwana, na wakati mwingine mmoja wao hufariki kabla ya siku waliyoingoja.

Basi katika somo hili tutatazama mambo matatu: Biblia na Kanisa vyatuambia nini juu ya karamu za nyumbani, hesabu ya karamu ifanywe vipi, na ni chakula gani na zawadi gani twaweza kuvitengeneza kwa mikono yetu wenyewe. Tutachukua ubatizo kuwa mfano wetu, lakini yote yatakayosemwa yafaa pia kwa kipaimara, ndoa, na siku ya mtoto kumaliza shule.

1. KARAMU NI NJEMA

Tusije tukadhani kwamba Kanisa linachukia furaha. Ibrahimu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa kunyonya. Baba wa mwana mpotevu alichinja ndama. Bwana wetu mwenyewe alikwenda harusini Kana pamoja na mama yake na wanafunzi wake. Mtoto akizaliwa mara ya pili kwa maji na Roho, ni haki kabisa jamaa wale pamoja na kushangilia.

Lakini tuangalie vema mambo matatu katika masomo yetu.

Kwanza, Kana divai iliisha. Ile ilikuwa nyumba ya watu wa kawaida, na hesabu yao ilipungua mbele ya wageni. Bwana hakuwakemea wala hakuwatuma sokoni kukopa. Alitumia yale mabalasi sita ya mawe yaliyokuwa yamesimama pale pale nyumbani, na maji ya kisima chao. Karamu yetu nayo ianze na kilichopo nyumbani.

Pili, siku ile watu waliposikia Torati ikisomwa na kulia, Nehemia aliwaambia wakale na kunywa kwa furaha, na kuwapelekea sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Maana yake, karamu ya watu wa Mungu hupimwa kwa sahani iliyotoka nje ya ua kwenda kwa mjane na mgonjwa.

Tatu, katika Luka 14 Bwana anatuambia tunapofanya karamu tuwaalike maskini, vilema, viwete na vipofu, ambao hawana cha kutulipa. Tulinganishe neno hilo na desturi ya siku hizi, ambapo kadi ya mchango hutangulia kufika kwa njia ya simu, na asiyechanga haalikwi. Yule mwenye kuhitaji chakula kuliko wote ndiye anayebaki nje.

2. KANISA LINADAI NINI?

Kwa ubatizo Kanisa linadai maji, Jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, wazazi na wasimamizi wanaoahidi kwa imani, na kusanyiko la kumpokea mtoto. Katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 mtoto wa kiume alitakiwa kuwa na wasimamizi watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Na mtoto wa kike wanawake wawili na mwanamume mmoja. Kitabu hicho hicho kinawaagiza mapadre wawaonye watu mara kwa mara wasicheleweshe ubatizo kupita Jumapili ya kwanza au ya pili baada ya mtoto kuzaliwa, isipokuwa kwa sababu kubwa na ya haki. Kukosa pilau hakuwezi kuhesabiwa kuwa sababu kubwa na ya haki.

Siku hizi wazazi hupewa muda wa mafundisho kwanza, na ni vizuri. Lakini mafundisho yakiisha, mlango uko wazi. Mzazi asione haya kumwendea Padre na kumwambia, "Tuko tayari, ila hatuna karamu." Padre hatamrudisha.

Wazee wetu walikuwa na usemi: kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kukopa kuna vigelegele. Siku ya kulipa kuna kilio, na mara nyingi kilio hicho humwangukia mama na watoto. Tumeona nyumba zilizouza mbuzi wa pekee, na nyumba zilizoweka rehani shamba, kwa ajili ya karamu ya saa nne. Mtoto aliyebatizwa siku ile alikuja kukosa daftari.

3. HESABU YA KARAMU

Wale tuliofundisha Sayansi Kimu katika vyuo vya ualimu tuliwaambia wanafunzi wetu kila mwaka: karamu huanza na penseli na karatasi. Baba na mama wakae pamoja jioni moja, waandike mambo manne.

(a) Idadi ya watu. Wahesabiwe kwa majina: jamaa wa nyumbani, wasimamizi, Padre na mkewe kama yuko, majirani wa karibu, na watu wawili au watatu ambao hawawezi kutualika nasi. Wakifika 40, inatosha kabisa.

(b) Vilivyopo nyumbani. Nazi, ndizi, mihogo, maharage ya shambani, mayai, kuku, machungwa. Hapa kwetu hakuna nyumba isiyo na hata kimoja.

(c) Vya kuazima. Masufuria makubwa, majamvi, vikombe, viti. Vinaazimwa kwa ahadi ya kuvirudisha vikiwa safi kesho yake.

(d) Vya kununua. Hivi viandikwe mwisho, na bei yake isizidi fedha iliyomo mkononi siku ile ya kuandika. Ikizidi, futa kitu, usiongeze deni.

Sasa tuweke mifano miwili kwa watu 40.

Karamu ya chai. Hii yafaa sana baada ya Ibada ya asubuhi. Chai lita 10, kikombe kimoja cha robo lita kwa kila mtu. Maandazi 80, mawili kwa kila mtu, yaani unga kilo 2. Sukari ya chai kama kilo 1. Mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha kutoka shambani. Kashata kidogo kwa watoto. Imekwisha, na ni karamu kamili.

Karamu ya wali. Mchele kilo 5, kwa kuwa kilo 1 hutosha watu wanane. Nyama kilo 5. Au badala yake maharage makavu kilo 3 yaliyoungwa kwa nazi. Mchicha au kisamvu. Ndizi mbivu au machungwa. Wali wa nazi na maharage ya nazi ni chakula cha heshima, na mgeni anayekidharau hakuja kwa ajili ya mtoto.

4. CHAKULA CHA KUTENGENEZA WENYEWE

Maandazi (40). Chukua unga wa ngano kilo 1, sukari vijiko 10 vya mezani, hamira vijiko 2 vya chai, iliki iliyotwangwa, na tui la nazi moja kubwa, kama nusu lita. Changanya vitu vikavu, tia tui vuguvugu kidogo kidogo, ukande mpaka unga uwe laini na usishike mikononi. Funika, uache mpaka uumuke na kuwa mara mbili; kwa joto la pwani ni kama saa moja. Gawa madonge 10, sukuma kila donge duara, kata vipande vinne. Acha tena kidogo viumuke, kisha kaanga katika mafuta ya moto wa wastani. Moto ukizidi, andazi huiva nje na kubaki bichi ndani.

Kashata za nazi. Sukari vikombe 2, maji nusu kikombe, nazi iliyokunwa vikombe 2, iliki. Chemsha sukari na maji mpaka yawe mazito na kunatanata, tia nazi na iliki, koroga bila kuacha mpaka ishikamane na kuachana na sufuria. Mwaga kwenye sinia iliyopakwa mafuta, sawazisha, na kata ingali ya moto. Ikipoa haikatiki vizuri. Ukitaka za karanga, tumia karanga zilizokaangwa na kumenywa. Chagua moja moja: yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itupwe. Ukungu huo huleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo.

Keki ya makaa. Oveni si lazima. Siagi robo kilo, sukari robo kilo, mayai 4, unga wa ngano robo kilo, beking pauda vijiko 2 vya chai. Saga siagi na sukari kwa mwiko mpaka ziwe nyeupe na nyepesi, tia yai moja moja huku ukikoroga, kisha unga uliochungwa pamoja na beking pauda. Weka mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, pasha moto, tia ndani yake sufuria ndogo yenye keki, na funika kwa mfuniko wa bati. Makaa machache yawe chini, mengi yawe juu ya mfuniko. Usifunue kabla ya dakika 30. Ikifika kama dakika 45, choma katikati kwa kijiti safi. Kikitoka kikavu, keki imeiva. Ikikatwa vipande vidogo, kila mtoto atapata.

Vinywaji. Machungwa kama 12 hutoa lita 1 ya maji ya matunda. Ukwaju nusu kilo, ukilowekwa na kukamuliwa, hutosha lita 4 baada ya kutiwa sukari. Maji yawe yamechemshwa jana yake na kupozwa katika chombo chenye mfuniko.

Hapa hapana budi tutoe onyo moja. Wali ukipikwa alfajiri na kukaa kwenye sufuria kubwa mpaka alasiri, vijidudu huzaliana ndani yake na kuacha sumu ambayo haiuawi kwa kupasha moto tena. Basi upikwe karibu na saa ya kula, wala usikae zaidi ya saa mbili baada ya kupoa. Na beseni la kunawia lisiwe la maji ya kushirikiana. Mtu mmoja amwagie wageni kwa jagi, na sabuni iwepo.

5. ZAWADI YA MKONO

Hana, mama yake Samweli, alikuwa amemtoa mwanawe akae hekaluni Shilo. Kila mwaka alipopanda kwenda kutoa dhabihu pamoja na mumewe alimletea kanzu ndogo aliyoishona mwenyewe. Tufikiri kidogo: kila mwaka ilimbidi akisie mtoto amekua kiasi gani. Kipimo chake hakikuwa dukani. Kilikuwa moyoni mwake. Naye Dorkasi wa Yafa alipofariki, wajane walisimama wakilia na kumwonyesha Petro nguo alizowashonea alipokuwa hai. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Kanzu nyeupe ya ubatizo. Kitabu cha Sala cha kwanza cha mwaka 1549 kiliagiza mtoto avikwe vazi jeupe baada ya kubatizwa. Agizo hilo liliondolewa katika kitabu cha mwaka 1552, lakini desturi imebaki kwetu. Mita moja na nusu ya bafta au kitambaa kingine cheupe cha pamba chatosha. Weka upindo mpana chini ili iweze kurefushwa, na kamba za kufungia mgongoni badala ya vifungo, ili iwatoshe watoto wa ukubwa mbalimbali. Bibi anaweza kutarizi msalaba mdogo kifuani. Baada ya ibada ifuliwe, ikaushwe sawasawa na kuhifadhiwa. Kanzu moja yaweza kuwabatiza ndugu wote wa ukoo mmoja, na kila jina likatariziwa kwenye upindo.

Mkeka. Ukindu huanikwa, huchanwa, huchemshwa katika rangi, kisha husukwa shupatu refu, nalo shupatu hushonwa likawa mkeka. Kazi hii ni ya jioni nyingi, kwa hiyo ianze mama angali mjamzito. Msimamizi anayemletea mtoto mkeka wa kulalia amemletea jioni zake zote hizo.

Kikapu. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini Tanzania. Basi kikapu cha ukili kilichojaa ndizi, mayai au mchele ni zawadi ndani na nje: chakula kitaliwa wiki ile, na kikapu kitakwenda sokoni mwaka mzima.

Mti. Babu asiye na fedha anaweza kumpandia mjukuu mnazi au mchungwa siku ya ubatizo. Mchungwa uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu au minne. Mnazi wetu mrefu wa asili huchukua kama miaka sita mpaka minane. Mtoto atakapokuwa darasa la mafundisho ya kipaimara, mti wake utakuwa umekwisha kumpa madafu. Mtoto afundishwe kuumwagilia mwenyewe, aambiwe ulipandwa siku gani na kwa nini.

Kadi. Watoto wa Shule ya Jumapili wachore kwa rangi zao: njiwa, maji, mshumaa. Ndani waandike jina la mtoto, tarehe ya ubatizo, na majina ya wasimamizi. Kadi hii iwekwe pamoja na cheti. Watu wengi hawaijui siku yao ya ubatizo kwa sababu hakuna aliyewaandikia.

6. TUFANYE NINI KATIKA MTAA WETU?

Umoja wa Akina Mama ulianzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876, baada ya yeye kupata mjukuu na kuona jinsi akina mama wachanga wanavyohitaji kusaidiwa na wenzao. Kazi hiyo haijaisha. Twapendekeza mambo matatu, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, mtaa uwe na kanzu nyeupe tatu za ubatizo za ukubwa tofauti, zilizoshonwa na akina mama, zikae katika kabati la kanisa. Mzazi yeyote aazimwe bila kuulizwa habari za mfuko wake.

Pili, siku ya ubatizo chai inywewe pamoja nje ya kanisa, kwa ajili ya watoto wote waliobatizwa. Kila nyumba ilete kidogo: huyu maandazi, huyu mihogo, huyu sukari. Hapo hatajulikana mtoto wa tajiri wala mtoto wa maskini, kama vile kisimani hawakujulikana. Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho, ambao walipokutana mmoja alikuwa na njaa na mwingine amelewa. Chai moja chini ya mwembe huondoa aibu hiyo.

Tatu, sisi wazee tulio na sauti katika koo zetu tuseme waziwazi. Vijana wengi hukopa kwa kutuogopa sisi. Shangazi akisema, "Mwanangu, mpeleke mtoto Jumapili hii, mimi nitaleta maandazi," deni limekufa kabla ya kuzaliwa. Na kwa hao wanaokaa pamoja bila baraka ya ndoa, mjomba aseme, "Nendeni kwa Padre, mimi nitakuwa shahidi wenu, na chakula ni kwangu." Neno moja la namna hiyo huwarudisha watu wawili kwenye Meza ya Bwana.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, katika mtaa wetu wako watoto waliokwisha kupita mwaka mmoja bila ubatizo? Sababu iliyotolewa ni nini, na sababu yenyewe hasa ni nini?

2. Soma tena Luka 14:12-14. Taja watu watatu wa jirani yako ambao hawajaalikwa popote mwaka huu.

3. Kana, nani waliyajaza maji mabalasi? Sisi twaweza kujaza nini katika karamu ya jirani yetu?

4. Andika vitu vilivyomo nyumbani kwako leo ambavyo vingetosha karamu ya watu kumi.

ZOEZI LA MWEZI

Kila msomaji achague mtoto mmoja atakayebatizwa karibuni, amtengenezee kitu kimoja kwa mkono wake: kadi, kikapu, kanzu, au sahani ya kashata. Asinunue. Kisha amtembelee mzazi wake kabla ya siku ya ubatizo, amwulize kwa upole kama kuna jambo linalomzuia. Jibu likiwa ni chakula, msomaji huyo anajua la kufanya: aende nyumbani akakande unga.